Chupa Isiyonuka

Inspekta Hajra alikuta kabati la maabara limefungwa vizuri, chupa zote zimo, na mtu mmoja analia.

"Dawa imechakachuliwa," alisema Melkiori, mkuu wa maabara hiyo ya lishe pale Sofu, Kibaha. "Ufunguo anao huyu Evaline. Namfukuza, leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini."

"Afande, sijaiba," alisema Evaline. "Napima asidi amino, viini vya protini, kwenye unga wa lishe. Nikichanganya dawa hizi mbili, sampuli inang'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Wiki nzima haing'ai. Nimebadili taa, nimejaribu hata asidi amino safi. Giza tupu."

"Hii chupa ndogo?"

"Ya salfa. Bila hiyo hakuna mwanga. Inanuka yai viza, hadi majirani wanalalamika."

Hajra aliifungua, akanusa. Akanusa tena. Maji matupu.

"Wewe hukugundua?"

"Nina mafua, afande. Sisikii harufu yoyote."

Akaitwa Consolata, mkongwe wa maabara, anayekaa meza ya pili.

"Ufunguo huwa unaushika?"

"Evaline akienda kula, ananiachia."

"Chupa hii umeifungua lini?"

"Jana, nilimpimia yeye."

"Ilikuwaje?"

"Kama siku zote, inanuka balaa. Niliziba pua."

"Nusa."

Alinusa, macho yakamtoka. "Labda imechuja."

"Lakini wiki nzima hakuna mwanga. Jumamosi, kabla haujapotea, ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi. Kurui, Kisarawe."

Hajra akampakia kwenye gari, wakaenda.

"Shikamoo, shangazi," alisema Hajra mlangoni.

"Marahaba. Karibuni, ila mtuwie radhi. Kuna panya kafia stoo, tumemtafuta mpaka tumechoka."

Masikini mama wa watu! Hajra aliingia stoo, akasogeza gunia la makopa ya muhogo, akaibuka na kichupa kinachonuka yai viza.

Waliporudi Kibaha, Consolata hakubisha tena.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kushika pipeti. Leo wageni wakija, yeye ndiye 'mtaalamu wetu.' Mimi naambiwa nilete viti. Roho iliniuma, afande, mpaka nikawa namwombea mafua yasipone. Nilitaka siku moja aulizwe, akose jibu."

Melkiori alitazama sakafu. Evaline alimsogelea mwenzake, ambaye tayari alikuwa na pingu mikononi.

"Wivu kwangu, dada? Mbona kila walichoniuliza nilikuja kukuuliza wewe kwanza?"

"Najua," alisema Consolata. "Na hukuwaambia hata siku moja."