Jezi ya Kupigia Picha

Kila asubuhi ya likizo, Mapenzi aliteka maji, akafagia ua, kisha akampelekea baba yake chai kwenye kituo cha bodaboda mjini Garsen. Baba yake, Mzee Kalama, alisubiri abiria juu ya pikipiki ya kukodi. Ya kwake mwenyewe aliiuza mwaka uliotangulia ili bintiye ajiunge na akademia ya kandanda katika shule moja ya binafsi, mbali upande wa Malindi. Mapenzi alikuwa kipa hodari, na baba alitaka apate mafunzo ya kweli.

Lakini Mapenzi hakupenda kufika kituoni. Kwenye ukuta wa duka lililokuwa hapo palibandikwa bango la akademia ile, na katikati ya bango alikuwa yeye, amevaa jezi ya manjano, ameukumbatia mpira, anacheka.

"Kipa wetu!" waendeshaji wenzake baba walimwita. "Lini tutakuona kwenye televisheni?"

Mapenzi alitabasamu, akaangalia chini. Jezi ile aliivaa kwa ajili ya picha tu. Mpiga picha alipomaliza, jezi ilivuliwa, ikakunjwa na kufungiwa kabatini. Uwanja mzuri ulioonekana nyuma yake haukuwa wa shule. Wanafunzi walipelekwa huko kwa basi siku ile moja. Shuleni walichezea kwenye changarawe, mahali walimu walipoegesha magari. Watoto walikuwa wengi na mipira ilikuwa miwili. Kocha wao alikuwa dereva wa basi la shule, naye mara nyingi alikuwa safarini. Tangu Mapenzi ajiunge, hawakuwa wamecheza mechi hata moja.

Hayo yote hakumwambia mtu. Aliporudi likizo ya kwanza, baba alimpokea kwa furaha na kumuuliza, "Haya, kukoje huko?" Mapenzi aliitazama pikipiki ya watu, akashindwa kusema. "Kuzuri, baba," alijibu. Baada ya hapo ilibidi aendelee. Akasimulia nyasi za kijani, njumu mpya na mikwaju aliyoidaka.

Asubuhi hiyo, akirudi na chupa ya chai, alikutana na jirani yao, Mama Jibril, akimvuta ng'ombe kwa kamba. Ng'ombe aligeuka nyuma kila mara na kulia, maana ndama wake aliachwa nyumbani.

"Shikamoo, mama. Unampeleka wapi?"

"Marahaba. Nampeleka mnadani," alisema Mama Jibril. "Muhula ujao Jibril anakwenda akademia kwenu. Tangu umsimulie habari za kule, hanipi nafasi ya kupumua. Utamwangalia mwenzako, sivyo?"

Mapenzi alimtazama yule ng'ombe. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akikamuliwa, na maziwa yake ndiyo yaliyowalisha watoto wa Mama Jibril.

"Ndiyo, mama," alijibu kwa sauti ndogo. Mama Jibril akapita.

Mapenzi alifika nyumbani, akaketi mlangoni na ile chupa mikononi. Akisema ukweli, Garsen nzima ingejua kwamba alidanganya, na baba angejua kuwa pikipiki yake ilikwenda bure. Akinyamaza, Jibril naye angelala kwenye mabweni ya shule ile, akitunga uongo wake. Aliiweka chupa chini, akatoka mbio.

Mnadani vumbi lilikuwa jingi. Dalali mmoja alikuwa tayari akimpapasa ng'ombe kiwele.

"Mama Jibril, usimuuze!" Mapenzi aliita, akihema. "Nilidanganya. Hakuna nyasi, hakuna njumu. Hata kocha hakuna."

Watu waligeuka kumtazama. Dalali akacheka. "Na yule wa kwenye bango ni nani?"

"Ni mimi. Jezi waliichukua baada ya picha." Machozi yalianza kumtoka.

Mama Jibril hakumbembeleza. Alisema, "Mabango nayajua. Mimi nilikuamini wewe." Akamgeuza ng'ombe. "Twende kwa baba yako."

Mzee Kalama alisikiliza habari yote bila kukatiza. Mapenzi alingoja makaripio, lakini hayakuja.

"Kwa nini hukuniambia?" baba aliuliza mwishowe.

"Niliona haya. Uliuza pikipiki kwa ajili yangu."

"Niliiuza mimi, wewe hukunituma." Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Hata mimi naona haya. Nililipa karo yote bila kwenda siku moja kuuona uwanja."

Wiki hiyo baba alikwenda akademia pamoja na Mama Jibril. Waliomba kuonyeshwa uwanja na kumwona kocha, wakaonyeshwa mabango mengine. Mzee Kalama alirudi na godoro na sanduku la bintiye. Karo haikurudishwa.

Muhula ulipoanza, Mapenzi alijiunga na shule ya kutwa pale Garsen, darasa moja na Jibril. Mwalimu Metrine aliwafunza kandanda kila jioni kwenye uwanja mkavu, naye hakukosa. Siku ya kwanza wachezaji walimzunguka Mapenzi. "Kule akademia ulidaka mechi ngapi?"

Jibu la uongo lilimjia mdomoni upesi. Alilimeza. "Sikudaka hata moja," alisema.

Wengine walicheka, Jibril miongoni mwao. Mwalimu Metrine alimrushia glovu. "Basi una mengi ya kujifunza. Ingia golini."

Mazoezi yalipokwisha, Mapenzi alimkuta baba amesimama nyuma ya goli. Kumbe alikuwa hapo tangu mwanzo.

"Bado unaona haya?" baba alimuuliza walipokuwa wakienda nyumbani.

"Bado, baba."

"Itapungua. Mtu yeyote akitapeliwa huona haya, hata mtu mzima. Lakini ulipoificha, ilibaki kidogo tu Jibril na mama yake waumie pia. Siku nyingine jambo likienda vibaya, niambie siku hiyo hiyo, hata kama nimeligharamia mimi. Nikikasirika, nitakasirika, kisha tutatafuta njia. Na mimi sitangoja kuambiwa. Nitakuja kuona kwa macho yangu."