Shela la Maimuna

Kila alasiri Twaiba alipotoka shule alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaketi barazani na bibi yake na kuchukua sindano mbili za kufumia. Nyumba yao ya Kinondo ilikuwa kimya. Kicheko cha nyumba hiyo kilikuwa cha dada yake Maimuna, na Maimuna siku hizi alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Alilala hukohuko, akaonekana nyumbani Ijumaa tu. Baada ya harusi yake iliyokuwa karibu angehamia Vanga kwa mumewe, na Ijumaa nazo zingekwisha.

Shela la harusi hiyo lilikuwa mikononi mwa Twaiba: uzi mweupe mwembamba, maua ya vitundu, safu juu ya safu. Bibi ndiye aliyemfundisha, ila macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Sasa alifuma kwa mdomo na kukagua kwa vidole.

Jumatatu moja pikipiki ilisimama njiani. Twaiba akainua kichwa haraka, akidhani ni Maimuna. Kumbe ni mpita njia. Aliporudisha macho, kitanzi kimoja kilikuwa kimeponyoka kwenye sindano. Badala ya kufumua, alikifunga fundo akaendelea.

"Umehesabu, mke mwenzangu?" bibi akauliza.

"Nimehesabu, bibi."

"Lete nione."

Twaiba akaushika mkono wa bibi, akauongoza juu ya shela. Ulipokaribia fundo, akauvusha.

"Mashallah," bibi akasema. "Vidole vyako vinaona kuliko macho yangu."

Twaiba akaanza haraka safu nyingine. Wiki nzima alifuma kimya, na bibi akadhani ni bidii.

Ijumaa Maimuna alifika, akaamkia, akalitandaza shela mkekani. Harusi ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

"Likishafuliwa huvutwa pembe zote ili maua yafunguke," alisema, akishika pembe mbili. "Hebu nijaribu kidogo."

"Usivute, dada."

Mikono ya Maimuna ikasimama.

"Kitanzi kilinitoka Jumatatu, nikakifunga fundo. Likivutwa litafumuka. Bibi nikamvusha mkono asikiguse." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa natazama njia. Nilidhani ni wewe."

Bibi akauliza: "Zimepita safu ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Maimuna aliketi mkekani, akatafuta ncha ya uzi. "Haya, wewe fumua, mimi nazungusha donge. Mama mkwe angesema nimefunikwa chandarua kilichotoboka."

Twaiba akacheka huku analia. Jioni hiyo Maimuna alipiga simu hotelini, akaomba likizo yake ianze mapema. Siku zote zilizobaki aliketi kando ya mdogo wake akimhesabia vitanzi, na baraza ikapata tena sauti.

Jumamosi, mkesha wa harusi, shela lilikuwa limefuliwa na kukauka. Twaiba alilitandaza mapajani mwa bibi, kisha akaurudisha nyuma mkono wake mwenyewe. Vidole vya bibi vikatembea vyenyewe, polepole, kutoka pembe hadi pembe.

"Ungesema Jumatatu ile, tungefumua safu moja," bibi alisema. "Ulificha, tukafumua ishirini na mbili. Na upweke wako nao uliufunga fundo vivyo hivyo, nami nimeketi kando yako. Kosa na huzuni, mjukuu wangu, visemwe vingali vidogo."

"Nimesikia, bibi."

"Basi nipeleke ndani nikamvishe dada yako, tuone kama linamkaa."