Waliohamia Namba Kumi na Nne

Sisi wa mtaa wa Panzi, hapa Bukavu, tulimjua Ignace kama mtu wa vipimo. Ukimwalika kwenye ubatizo wa mtoto, kabla hajaonja soda alikuwa ameshakwambia sebule yako ina mita ngapi na mlango umekaa upande. Tulimcheka, naye alicheka nasi. Aliishi namba kumi na nne, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mkewe Yolande, binti yao Rosette wa miaka saba, na mama mkwe aliyeitwa Maman Lucie. Nyumba ya watu wanne, salama, yenye redio ya misa kila Jumapili.

Ignace alikuwa mpimaji katika ofisi inayokata viwanja vipya. Kazi haikukosekana. Bukavu imejaa mpaka ua wa mtu ni paa la jirani wa chini yake, na mvua kubwa ikinyesha watu hulala macho wakisikiliza udongo. Kwa hiyo mji ukanyoosha mkono ukachukua kilima kimoja upande wa Nyantende. Palikuwa na migomba, maharage na nyumba chache za udongo. Ofisi ilitaka vitoke viwanja mia mbili. Ignace ndiye aliyeandika kanuni ya msongamano kwa mkono wake: kiwanja cha mita kumi kwa kumi na tano, watu wasizidi sita. Anayeishi peke yake apewe kipande kidogo, cha watu wawili tu.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alifika na fomu zake kwenye nyumba ya mwisho kule juu. Akamkuta bibi kizee anatoa maharage kwenye maganda. Jina lake M'Mushagalusa.

"Koko, nani anaikala hapa?"

"Tuko sita."

"Unitajie."

"Njo mimi. Na Balagizi, bwana yangu. Na Namegabe, na Nsimire, na Nabintu. Na mutoto Aganze."

"Na bale biko wapi?"

"Biko mu shamba," alisema bibi, bila kuinua macho.

Ignace aliangalia shambani. Chini ya migomba palikuwa na vichuguu vitano vya udongo, vinne virefu na kimoja kifupi, vimefagiliwa vizuri. Alielewa palepale. Yeye mwenyewe ni Mushi, kabila moja na bibi. Nyanya yake, kila akikamua kasiksi, pombe ya ndizi, alimwaga kidogo chini kwanza na kuwaita wenye nyumba wa zamani kwa majina, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kusema kwamba wale wamekufa. Walikuwa shambani, basi. Ignace akaandika majina yote sita, kwa heshima, akamshukuru bibi, akashuka.

Shida ilianzia ofisini. Kwa familia ya watu sita, bibi alistahili kiwanja kizima, na kiwanja kizima kilifunga njia ya barabara mpya. Mkuu wake, Gérard, aliweka kidole kwenye ramani.

"Hii namba thelathini na saba, nani alikuhesabia bantu sita? Mimi nilipita kule. Niliona koko moja tu."

"Bengine balikufa, chef."

"Basi toa bale. Barabara ipite."

Kutoa mfu kwenye orodha kulidai cheti cha kifo, na kule kilimani nani aliwahi kuwa na cheti? Tena ungeandika makaburi, ungetakiwa kuyahamisha, umwite padri na familia, na ungoje miezi mitatu. Ignace alikuwa amechoka. Akachagua njia fupi. Mbele ya majina matano akaandika: amehama. Lakini mashine, kompyuta ya ofisi, haikukubali. Aliyehama lazima awe amehamia mahali. Nafasi ya anwani haiachwi wazi. Ignace akaandika anwani ya kwanza iliyomjia kichwani. Panzi, avenue yetu, namba kumi na nne. Mara tano. Kisha akaenda kula mchana.

Alhamisi tingatinga lilipita kilimani. Migomba ikalala, vichuguu vikawa barabara. Bibi alibaki na nyumba yake na kipande cha ardhi cha watu wawili.

Ijumaa, namba kumi na nne, maji yaliisha. Bidoni mbili ambazo huwatosha siku mbili zilikuwa tupu kabla ya saa sita. Yolande alimgombeza Rosette, Rosette akasema si yeye. Jumamosi sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilipakuliwa wakala nusu sahani kila mtu, ingawa ilikuwa imepikwa sufuria nzima, ya kusaza. Sakafuni kulikuwa na udongo mwekundu, kidogo kidogo, kuanzia mlangoni hadi chumba cha nyuma. Yolande alifagia. Baada ya misa akafagia tena.

Maman Lucie ndiye wa kwanza kusema. Alimwita mkwe wake pembeni, akanong'ona.

"Mukwe, nyumba imekuwa na bantu mingi. Mimi ni muzee, minapenda fasi ya kunyoosha miguu."

"Bantu gani, maman? Tuko bane."

Siku hiyohiyo mama mkwe alifunga kitenge chake na kwenda Nyangezi kwa mwanawe wa kiume. Ignace alimbebea mfuko hadi kwenye gari. Alijua angepaswa kuogopa, au walau kuhuzunika, lakini moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Wageni hawa walikuwa na majembe yao. Asubuhi aliyasikia uani, yakilima mahali ambapo hapana hata shubiri moja ya udongo, simenti tupu.

Kisha Yolande. Mimi mwenyewe nilimwona siku tatu mfululizo amekaa kwenye ngazi ya mlango na sahani mapajani. Nikamuuliza kwa nini hali ndani.

"Minakosa fasi ya kuikala," aliniambia.

Nilichungulia. Sebule ilikuwa na viti vinne na benchi, vyote vitupu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

Jumatano akaenda Nyangezi kumwona mama yake, siku mbili tu, alisema. Rosette akabaki kwa sababu ya mitihani. Siku mbili zikawa tano. Ignace alipopiga simu, sauti ya mkewe ilikuwa ya upole, ya mbali.

"Nitarudia nyumbani fasi ikipatikana."

"Yolande, na mutoto?"

"Mutoto gani?" aliuliza, kisha akashtuka, akalia, akasema kichwa kinamuuma. Simu ikakatika.

Ignace alikaa sebuleni akafanya kazi aliyoijua. Alihesabu. Watano, naye, na Rosette. Saba. Kiwanja chake kilikuwa cha mita kumi kwa kumi na tano. Kanuni ilisema sita, na kanuni ilikuwa yake.

Kesho yake alimwomba Tatiana, anayetunza mashine ofisini, amsaidie kurudisha majina matano kilimani. Tatiana alibonyeza, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Kurudisha wapi, tonton? Kwa ule koko kunabaki fasi ya muntu moja tu. Kule kwengine barabara imeshapita."

"Muntu moja?"

"Moja. Bale bine tutabaweka wapi?"

Ignace aliomba ruhusa akarudi nyumbani. Ilikuwa saa tisa, jua kali, watoto wa avenue wanacheza mpira. Mlango wa namba kumi na nne ulikuwa wazi.

Rosette alikuwa amekaa kwenye benchi, katikati hasa, akiwa amebana mabega kama mtu aliyekaliwa pande zote mbili. Amevaa gauni la misa. Mkoba wa shule ulikuwa magotini, umejaa nguo. Mezani palikuwa na sahani sita.

"Unaenda wapi, Rosette?"

"Kwa koko wa kilima."

"Nani amekuambia?"

"Aganze." Akaonyesha kwa kidevu mahali pembeni yake. "Anasema tuko mingi. Kule kunabaki fasi ya muntu moja. Mimi njo mudogo, basi mimi njo nitaenda. Anasema ni ndani ya udongo lakini haiko baridi."

Ignace aliangalia benchi. Hapakuwa na mtu. Mto wa benchi ulikuwa umebonyea. Mahali padogo, pa mtoto. Kando yake, pakubwa. Na pakubwa. Na pakubwa. Na pakubwa.

"Banakuya kunitwala magaribi," alisema Rosette. "Balisema nioge."

Nywele zake zilikuwa bado na maji.

Hapo ndipo alipohisi kitu, mara moja tu tangu mwanzo. Hakikuwa hofu. Alimpenda mtoto wake, akalihisi pendo hilo lote kwa mkupuo, likamuuma kifuani, kisha ganzi ikarudi. Akafungua begi la kazi. Akatoa fomu. Akaweka mezani, kati ya sahani. Hakuna kilichosogea.

"Bazee," alisema kwa sauti ya chini, "mimi njo niliandika. Mutoto hakuandika kitu."

Akashika kalamu.

"Mukitaka muntu moja, ni mimi."

Mto ulipumua. Sehemu moja kubwa iliinuka polepole, ikawa sawa, kama mtu amesimama ili kumpisha. Ignace akaandika jina lake. Amehama. Anwani: kilimani, kiwanja namba thelathini na saba. Akatia saini.

Rosette alishusha mkoba sakafuni. "Sasa tuko sita," alisema.

Akambusu kichwani. Akavua saa yake na kuiweka juu ya fomu. Akatoka.

Nilikuwa naanika nguo. Nilimwona amevaa shati safi na viatu vya ofisini, hana begi wala mwavuli, anashika barabara ya kutoka mjini.

"Jirani, safari?"

"Minahama," alijibu, kama mtu anayekwenda kununua mkate. Nikamtakia njia njema. Nalijutia neno hilo hadi leo.

Saa kumi na moja Yolande alishuka kwenye gari mbele ya mlango, anahema. Alisema alikuwa akimenya ndizi Nyangezi, mara akamkumbuka mwanawe, kwa jina na kwa uso, akakimbia hata viatu hakuvaa. Alimkuta Rosette amekaa, ameshiba, amesukwa. Msuko ule hakuna msichana wa leo anayeujua. Mimi niliuona mara moja tu, kwenye kichwa cha nyanya yangu, nikiwa mdogo sana. Ncha zilifungwa kwa nyuzi za mgomba, mbichi. Avenue yetu haina mgomba. Yolande alimwinua mtoto, akachukua fomu na saa, akaondoka naye usiku haujaingia. Hawakurudi, hata kuchukua vyombo.

Tulimtafuta Ignace. Tulitangaza parokiani, tukauliza njia nzima. Watu walikumbuka shati jeupe likipita, basi.

Wiki tatu baadaye ofisi ilimtuma Tatiana kilimani kuhakiki orodha. Alinisimulia mwenyewe, amekaa jikoni kwangu, anakoroga chai asiyoinywa. Alimkuta M'Mushagalusa mlangoni, mbele ya barabara mpya. Pale kwenye kipande chake kulikuwa na kichuguu kimoja cha udongo, kirefu, kimefagiliwa.

"Koko, nani anaikala hapa?"

"Tuko babili. Mimi na Ignace."

Tatiana alisema miguu yake ilitaka kukimbia na mkono ukaendelea kuandika. "Iko wapi?"

"Iko mu shamba."

Kalamu ikasimama juu ya jina. Mstari mmoja tu ungetosha kulifuta. Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Na huyu," aliuliza, "utaandika amehamia kwa nani?"

Tatiana ana watoto wawili. Akaandika: yupo. Kisha akampa bibi ubao na fomu aweke kidole cha wino, maana bibi hajui kuandika. Bibi aliugeukia ukuta kidogo, kisha akarudisha ubao.

Mstari wa kwanza ulikuwa na alama ya dole gumba. Mstari wa pili ulikuwa na saini ya Ignace, ile ile yenye mkia mrefu ambayo Tatiana aliiona kila siku kwa miaka sita, na wino ulikuwa haujakauka. Aliupuliza, kama walivyofundishwa ofisini, akageuza karatasi, akaenda namba thelathini na nane.