Sentensi Aliyoifuta Mwalimu Octave

Kiti cha Bibiche kilikuwa kinatona maji. Uvira haikuwa imeona mvua juma zima, ilikuwa saa nane ya mchana, jua linakaanga bati la kile chumba cha mtaa wa Kilibula. Lakini chini ya yule binti maji yalianguka, to, to, to, na yalinuka matope ya ziwa.

"Muntu asiyejua kushika chupa yake asije mu atelie yangu ya kuandika," alisema Mwalimu Octave, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu alichokuwa akikisoma. Kilikuwa chake mwenyewe.

Huyu Octave alikuwa mwandishi kwa sababu alisema hivyo. Alikuwa amejichapishia vitabu viwili, na ukivitaka nenda sokoni: akina mama wanafungia humo karanga, na kinachoisha ni karanga. Kila Jumamosi aliwafundisha watu saba kuandika kama yeye, jambo ambalo lingetosha kutisha mji hata bila jini. Clovis, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa kwenye juzuu ya tatu ya maisha yake, na bado hajafika kuzaliwa.

Asha, muuza vitenge, alikuwa amekuja na hadithi moja tu, na mdogo wake Bibiche wa kumsindikiza. Ilikuwa hadithi ya bibi yao, ya jini wa kike aliyekaa ziwani. Mu ukoo wao, ukisimulia habari za jini yule umemwalika, kwa hiyo kabla hujanyamaza unamrudisha, kwa maneno yale yale: *Akarudi ziwani kwake, maji yakafunga, nasi tukabaki peke yetu.* Bibi akisinzia katikati, watoto walimtikisa mpaka aseme.

Jumamosi iliyotangulia Octave alimpokonya Asha kaye, daftari lake la hadithi.

"Asha, weye unasoma kama unauza ndagala. Leta hapa."

Akasoma yeye, kidevu juu, mkono mmoja unapepea kama anabariki ndoa. Alipofika sentensi ya mwisho akaichora mstari wa biki nyekundu.

"Mwisho wa watoto! Mwandishi wa kweli anaacha mlango wazi. Mwisho wazi, bandugu!"

Watu saba wakaandika: mwisho wazi. Clovis akapigia mstari mara mbili.

"Mwalimu, ile haiachwi hivyo," Asha alinong'ona. "Iko kwa kumurudisha."

"Minye nafundisha kuandika. Uchawi, nenda kwa wajomba zako."

Asha akaenda, kwa sababu Jumatatu sauti ya Bibiche ilianza kuzama. Ilitoka kama ya mtu anayeita toka chini ya maji, na kila siku maneno yake yalipungua. Mjomba Maneno, maalimu, alimsomea dua siku tatu, na jini akamjibu kwa kinywa cha binti: "Mumenileta, hamukunirudisha. Nirudi kwa njia gani?" Mjomba akafunga kitabu. "Mwite huyo aliyemsoma," alimwambia Asha. "Kinywa kile kile, mahali pale pale, maneno yale yale. Na muwahi. Bibiche akimaliza maneno yake, atakayebaki mule si mdogo wako."

Jumamosi hii Bibiche alikuwa amebakiwa na neno moja: yaya, jina alilomwitia dada yake mkubwa.

"Mwalimu," Asha alisema, akasimama na kaye yake. "Nakuomba. Soma sentensi uliyofuta. Moja tu."

"Sirudi nyuma. Kazi ikitoka kwangu imetoka."

"Mutoto anakufa, papa Octave!"

"Huo nao ni mwisho wa watoto."

Ndipo Bibiche akageuza shingo, polepole, ikageuka kupita pale shingo inapokomea, na harufu ya matope ikajaa chumba, na maji yakaanza kupanda kutoka viti vyote, hata viti vya watu waliokauka kwa hofu, yakapanda miguuni, magotini, baridi kama chini kabisa ya Tanganyika ambako jua halijawahi kufika, na wino wa kaye zote, isipokuwa ile Asha aliyoinua juu, ukayeyuka na kuelea, ikiwemo juzuu ya tatu ya Clovis, ambapo lazima tukiri jini alifanya kazi nzuri, na katikati ya ule weusi Bibiche alifungua kinywa, akatafuta, akatafuta, midomo ikitengeneza lile neno la mwisho lililobaki, na lisitoke.

"Soma!" Asha alipiga kelele. "Soma, weye mupumbavu!"

Octave alipokea kaye ya Asha kwa mikono miwili. Kidevu hakikuwa juu tena.

"A-akarudi ziwani kwake," alisoma, na maji yakasimama. "Maji yakafunga..." Yakashuka, yakanywewa na sakafu. Bibiche akavuta pumzi kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Yaya Asha," alisema, kwa sauti yake, "naona baridi."

Asha akalia. Watu saba walimkodolea macho Octave, midomo wazi, na hapo, wallahi, mtu yule alionja kitu ambacho vitabu vyake viwili havikuwahi kumpa: wasomaji. Akanyoosha kola. Kidevu kikapanda.

"Nasi tukabaki peke yetu," alisoma. Akatulia kidogo, kama wanavyotulia watu wa aina yake. Akatabasamu.

"Labda."

Asha alimrukia na kumziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshapita.

Siku hizi Bibiche anakula, anacheka, anapima vitenge dukani. Octave ameitia ile sentensi mu kitabu chake cha tatu, na *labda* yake ndani, na anaapa hajawahi kuandika mwisho mzuri kama ule. Kila asubuhi Asha anasimama nje ya mlango wa mdogo wake, anamwita jina, kisha anangoja kusikia nani ataitika.