Fakture Iliyoingia Nyeupe Ikatoka Nyeusi

Vahwere anauza maharagi yaliyopikwa, kule Rwambuzi. Anayapika kwa sufuria ya presio, ile inayofungwa ndi kwa mfuniko mzito. Inaivisha mbio, na haili makala mengi ya jiko.

Asubuhi moja, pwaa! Mfuniko ulipasuka ukaruka mpaka juu ya bati. Maharagi yalinyesha kama mvua. Kuku wa mtaa mzima walikula wakashiba, halafu wakakataa kurudi kwao. Anayebisha awaulize kuku.

"Yesu wangu!" Vahwere alilia. "Bila sufuria hii kazi yangu imekufa!"

"Mama Caleb, tulia," alisema Gaspard, mume wake. "Muuzaji alisema garanti ya maisha yote. Mfuniko ukipasuka, anakupa mwingine. Peleka fakture tu, ile karatasi ya malipo."

Vahwere aliitoa fakture ndani ya Biblia. Ilikuwa karatasi ndogo laini, imekunjamana. Akaona haya.

"Patron wa duka ataona niliiokota mu njia. Acha kwanza niiplastifie, kama diplome."

Akaipeleka kwa Olivier, mwenye mashine za fotokopi. Olivier aliitia fakture ndani ya plastiki, akaipitisha kwenye mashine ya moto.

Iliingia nyeupe. Ikatoka nyeusi tii, kama chini ya sufuria!



"Olivier! Hii ni fakture ao ni usiku?"

"Mama, haki ya Mungu, sikufanya kitu! Diplome zote zinatoka muzuri hapa!"

Madeleine, fundi wa telefone mlango wa pili, alisikia kelele akaja. Aliigeuza ile karatasi, akatikisa kichwa.

"Masikini! Karatasi hii haiandikwe na wino. Mashine ya duka inaiandika na moto. Ikipata moto tena, inakuwa nyeusi yote. Ukiiacha kwenye jua, maandishi inapotea."

Vahwere aliinyakua ile karatasi. Akakaa chini. "Kumbe ni mimi nimeiua!"

"Siku ile ile unanunua, fanya fotokopi, piga na picha. Kopi ndiyo unaplastifie. Fakture yenyewe iweke mbali na moto na jua," Madeleine alisema.

"Maneno yako iko muzuri, dada. Lakini mfuniko wangu?"

"Ulilipa na feza mukononi?"

"Hapana, na telefone."

"Message ya malipo, uliifuta?"

"Mimi? Sijui hata kufuta!"

Madeleine alitafuta kati ya salamu za mwaka mpya na maombi ya kanisa, mpaka akaipata: jina la duka, tarehe, bei.

Dukani, patron aliishika ile plastiki nyeusi kama anashika nyoka.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni fakture yako."

Patron alicheka mpaka machozi. Halafu akasoma message polepole.

"Si kila duka linakubali hii," alisema. "Lakini jina letu liko, na tarehe iko." Akampa mfuniko mupya na fakture mupya.

Vahwere alirudi mbio kwa Olivier.

"Niplastifie?" Olivier aliuliza.

"Weye! Zima ule moto! Fotokopi kwanza!"

Kesho yake maharagi yaliiva mapema. Alphonse, mchimba dhahabu, alikuja kula. Vahwere alimsimulia yote.

Alphonse akaacha kijiko hewani. Fakture ya panneau yake, ile ya kutoa umeme wa jua, alikuwa ameibandika ukutani kwake, juu ya mbabula, jiko lake la makala.

Aliondoka akikimbia. Sahani yake ilibaki imejaa.