Theluthi Mbili ya Wajumbe Wote

Mwakilishi Fahmi Matano alikutwa amekufa sakafuni, nyumbani kwake Mtambile, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa mkeka. Povu lilikuwa limemkauka mdomoni.

Aliyemkuta ni dereva wake, Jaribu, aliyekuja asubuhi kumpeleka uwanja wa ndege. Siku hiyo Baraza lilikuwa lipige kura ya kumwondoa madarakani kiongozi mkuu. Fahmi alishatangaza kwamba ataipinga hoja.

Inspekta Nusaiba alisimama mbele ya sinia. Sahani za muhogo, samaki na tende zilikuwa na makombo. Bakuli moja tu lilikuwa limeoshwa na kufudikizwa.

"Alikuwa amefunga?"

"Sunna ya Jumatatu, afande," Jaribu alijibu. " Futari huletewa na dadake, Bi Ummkulthum. Nyumba ile pale."

Daktari aliyeuchunguza mwili alisema ni sumu, ya aina inayonyunyiziwa mimea. Mchana Nusaiba alimwita Ummkulthum kituoni.

"Pole na msiba, Bi."

"Tushapoa."

"Jana ulimpelekea nini kaka'ako?"

"Muhogo. Samaki. Tende."

"Na uji?"

Ummkulthum aligeukia dirisha.

"Vyombo vyote vichafu, bakuli moja safi. Nani aliliosha?"

Ummkulthum alivuta buibui lake. "Mie. Nlichelea paka asije akaramba."

Nusaiba alimwonya kuhusu haki zake. Mama yule akatikisa kichwa, akaendelea.

"Hamdan wangu aligongwa akafa, na msafara wa mkubwa huyo wanaempigia kura. Hawakusimama. Jalada likafungwa. Nlimwomba Fahmi: piga kura kwa ajili ya mwana wa dada'ako. Kanambia chama kishaamua. Redioni wakasema yatakiwa theluthi mbili. Nkaona, mpingaji mmoja akitoka, hesabu itashuka."

Nusaiba aliweka kalamu chini.

"Bi Ummkulthum, Katiba inataka theluthi mbili ya wajumbe wote. Si ya waliohudhuria tu. Asiyekuwepo ni sawa na aliyekataa."

"Hata maiti?"

"Hata maiti."

Alasiri konstebo alichungulia mlangoni. Hoja ilikuwa imeanguka. Kiongozi amebaki kitini.

"Zimepungua ngapi?" Ummkulthum aliuliza.

Konstebo alimtazama inspekta kwanza. "Moja, mama."

Ummkulthum aliweka mikono juu ya mapaja, macho makavu.

"Jana nlipomtaja Hamdan, Fahmi alianza kulia," alisema. "Ningemwomba tena."