Milango Miwili ya Nyirantare

Katika miaka ile pembe za ndovu zilipokuwa zikitoka Karagwe na kushuka Ujiji mabegani mwa wapagazi, hapakuwa na kirangozi aliyeaminiwa Unyanyembe kumshinda Mahona. Alitangulia mbele ya msafara amejifunga shuka jekundu, manyoya ya mbuni kichwani, na ilisemwa kwamba hakupata kumwacha mtu njiani akiwa hai. Kwa sifa hiyo Msellem bin Hamadi, mfanyabiashara aliyelowea Ujiji, alimwajiri amwongozee msafara wa watu sabini kutoka Karagwe kurudi Ujiji.

Njia ya kusini ilifungwa na vita. Msellem akaamua wakate mlima.

“Bwana amepata kuipita njia hiyo?” Mahona aliuliza.

“Nimeisikia tu,” alijibu Msellem, akatazama pembeni.

Mlima ule ni uti wa mgongo wa bara. Mvua inyeshayo ubavu wake wa mashariki huanza safari ndefu ya kwenda Misri. Inyeshayo magharibi hushuka ziwani, ikatafuta bahari ya machweo. Juu kabisa palikuwa na bonde dogo la kinamasi lililozungukwa na majabali. Bonde hilo lilikuwa na milango miwili, kila mmoja ufa wa mwamba usiopitisha watu wawili sambamba.

Waliingia kwa mlango wa mashariki, ukungu ukiwa umetanda. Walipoufikia wa magharibi waliukuta umezibwa kwa magogo na mawe. Kabla hawajatua mizigo, nyuma yao kukasikika kishindo kikubwa cha mawe yakiporomoka. Mahona alirudi mbio, akakuta nako kumezibwa, na juu ya jabali wamesimama watu wenye mikuki mirefu.

Siku ya kwanza walidhani ni hongo ya kupita inayotakwa. Msellem akapeleka kaniki na shanga, zikarudishwa kwa kutupwa kinamasini. Siku ya tatu chakula kiliisha. Wapagazi, watu wa nchi za jua, walitetemeka katika mvua isiyokatika. Walikula machipukizi ya mianzi, wakachemsha mikanda ya ngozi. Mpagazi mmoja, Lugusha, alikutwa ameketi kando ya mzigo wake, ameukumbatia, amekwisha kuganda.

Siku ya tano Msellem alivaa kizibao chake na jambia kiunoni, akawaamuru wenye magobori wauvunje mlango wa magharibi. Baruti ilikuwa imelowa. Bunduki tatu tu zililia. Kisha mawe yakaja kutoka juu, na watu sita hawakurudi.

Jioni hiyo Mahona aliweka chini silaha zake, akauendea mwamba peke yake. Mama yake alikuwa Mha, na lugha ya Waha na ya watu wa mlima ni ndugu.

“Nani mwenye mlango huu?” alipaza sauti. “Niueni, lakini niambieni kwanza tumekosa nini.”

Akashushiwa kamba. Juu alimkuta mwanamke wa makamo, amevaa nguo ya gome la mti na ngozi ya chui begani. Ndiye Nyirantare, aliyeshika milango tangu mumewe afe.

“Miaka minne iliyopita,” alisema Nyirantare, “palipita msafara. Tuliwapa maziwa na mahali pa kulala. Walipoondoka, waliondoka na watu wetu ishirini, na binti yangu Mukarugo miongoni mwao. Mwenye msafara alikuwa na kidole kimoja pungufu mkono wa kushoto.”

Mahona aliujua mkono huo. Kila asubuhi alimwona Msellem akishika kikombe kwa mkono wa kushoto wenye vidole vinne.

“Mlete,” alisema Nyirantare, “nanyi mpite.”

Alirudi bondeni. Wapagazi walipoyasikia hayo, walimfunga Msellem kwa kamba za mizigo. Mahona akazikata.

“Sitamkabidhi mtu amefungwa kama mbuzi,” alisema. Kisha akachuchumaa mbele ya bwana wake. “Ni kweli?”

Msellem aliuficha mkono wa kushoto ndani ya kizibao. “Nilidhani wameshasahau.”

“Bwana, wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Watu hao wako wapi?”

“Wengine wako shambani kwangu. Wengine niliwauza. Sikumbuki kwa nani.”

Basi Mahona akapanda tena, akafunga agano: wapagazi washuke na mizigo yao, Msellem abaki bondeni kuwa rehani, naye Mahona awarudishe watu wote atakaowapata kabla ya miezi miwili kwisha. Msellem alimvulia pete yake iwe ushahidi kwa msimamizi wa shamba.

Mwezi wa pili ulikuwa mchanga Mahona aliporejea, akifuatana na watu tisa. Msellem alikuwa amekonda, kanzu imegeuka rangi ya matope. Milango ilifunguliwa, jamaa zao wakaja wakilia, wakiwashika nyuso. Nyirantare alimtazama kila mmoja hadi wa mwisho, kisha akarudia tena kutoka mwanzo.

“Na binti yangu?”

“Nilimuulizia hadi bandarini, Mama,” alisema Mahona. “Alivushwa ziwa. Ng'ambo huko hakuna anayelijua jina lake.”

Nyirantare aliketi chini palepale, kwenye majani yaliyolowa, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Msellem ndiye aliyesema kwanza. “Mimi je? Agano limetimizwa.”

“La kirangozi limetimizwa,” alijibu Nyirantare bila kuinua kichwa. “Wewe ulisema hukumbuki uliwauza kwa nani. Kaa hapa mpaka ukumbuke.”

Mahona alimwombea mara moja, akakataliwa. Msellem alilishika shuka jekundu la Mahona kwa mikono yote miwili, akimwita ndugu. Mahona aliifungua mikono ile kidole kimoja kimoja, akapita mlango wa magharibi, akasikia magogo yakirudishwa nyuma yake. Inasemekana hakuongoza tena msafara wowote. Alilima Unyanyembe hadi uzeeni, na kila ukungu uliposhuka aliingia ndani.

Huko Ujiji walisimulia kwamba Msellem bin Hamadi alikufa vitani, jambia mkononi, na watoto wake waliyasadiki hayo. Watu wa mlima hawakulitunza jina lake. Walitunza majina ya wale kumi na mmoja ambao hawakurudi, na kwa miaka mingi kila msafiri aliyefika mlangoni alisimamishwa, akatajiwa yote, la Mukarugo likiwa la kwanza, akaulizwa kama amepata kulisikia hata moja popote duniani. Ndipo alipoachiwa njia.